Kazi Ipande Mezani

Asubuhi katika mtaa wa Katuba, mtu husikia fagio kabla hajaliona jua. Kila mwanamke yuko nje, ameinama, fagio fupi mkononi, anafagia majani na vumbi jekundu la mji wa Élisabethville. Anayechelewa kufagia husemwa. Hasemwi kwa ubaya, lakini husemwa kwa sauti.

Zamani Albertine alikuwa wa kwanza kufagia katika njia yao. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Kongolo, upande wa kaskazini. Mume wake, Donat, alikuwa fundi katika karakana ya reli. Watoto wao walikuwa wameshakuwa watu wazima: mmoja alifanya kazi Jadotville, mwingine aliolewa Kamina. Nyumba yao ilikuwa mpya, ya matofali, yenye sakafu ya saruji. Albertine aliipenda nyumba hiyo kuliko nguo zake za Pasaka, na nguo hizo alizipenda sana.

Kisha goti lake la kulia likaugua. Alilala hospitali muda mrefu, mguu umefungwa plasta. Alipotoka, ugonjwa ulikuwa umekwisha, lakini goti lilikuwa limekauka. Halikukunjika hata kidogo. Daktari alimweleza waziwazi kwamba goti litabaki hivyo. Lakini yeye ni mzima, alisema. Atatembea na mkongojo, na kazi atafanya.

Maneno mazuri hayo. Lakini fikiri kidogo, msomaji. Mama wa Katuba anafanyia wapi kazi zake? Chini. Anafagia akiinama. Anaosha sufuria akichuchumaa. Anafua akipiga magoti mbele ya beseni. Anapika kwenye mbabula, lile jiko la makaa, nalo liko chini vilevile. Mtu mwenye goti lisilokunjika atafikaje huko?

Ndiyo maana Honorine alikuja kutoka Kongolo. Honorine alikuwa dada yake Donat, mjane mwenye mikono ya nguvu na moyo mwema. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye bomba la maji la njia ya pili. Alifagia, alipika, alifua, alipanga vyombo apendavyo yeye. Kila Albertine alipotaka kusimama, Honorine alimpazia wifi yake sauti: "Ikala, mulamu! Ikala tu! Mi niko hapa!"

Basi Albertine alikaa. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango kutoka asubuhi mpaka jioni. Akitaka chumvi, anaomba. Akitaka maji, anaomba. Alikuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma kuliko goti.

Mwezi wa tisa ulipofika, joto likapanda. Jioni moja walikuwa wakila bukari, yaani ugali, na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Honorine akanawa vidole, akasema:

"Donat, mvula iko karibu. Mi napashwa kurudia ku Kongolo, kupanda kalanga yangu. Na Albertine, nitaenda naye."

"Kwenda naye?" Donat aliuliza.

"Sasa nani atamuangalia huku? We uko ku kazi kila siku. Nyumba itakuwa buchafu, bantu batacheka. Kule kwetu iko bantu mingi ya kumutumikia. Atapumuzika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka muguu itapona."

Wote watatu walijua kwamba mguu hautapona. Donat alitazama sahani yake, akamega tonge jingine. Honorine akaendelea kupanga safari: treni ya Jumamosi, wiki mbili kutoka sasa, mpaka Bukama, na pale mashua ya mto Lualaba mpaka Kongolo. Albertine hakumaliza chakula chake. Alikuwa na hasira, na alikuwa na hofu. Akiondoka katika nyumba hii, atarudi lini? Na akirudi, nani atakuwa anapika humo?

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Honorine alifanya kazi aliyoipenda kupita zote: alipaka sakafu cirage nyekundu, ile nta ya kung'arisha. Alipiga magoti, akasugua kwa kitambaa mpaka sakafu ikang'aa. Katika Katuba, sakafu nyekundu inayong'aa ni sifa ya mama wa nyumba. Watu hupita mlangoni polepole ili waione.

Jumapili, baada ya misa, Honorine alienda sokoni kununua samaki mkavu. Donat alikuwa kwa rafiki. Albertine akabaki peke yake. Akawaza, leo nitasonga bukari mimi, akirudi aikute tayari. Akashika mkongojo, akasimama, akapiga hatua. Mkongojo ukateleza kwenye ile sakafu. Albertine akaanguka upande, kabati likatikisika, vikombe vikalia.

Majirani wa ukuta kwa ukuta walisikia. Walikuwa Constantin na mke wake Mumba. Constantin alifanya kazi ya nyumbani kwa Wazungu mjini, miaka mingi sasa. Alikuwa mtu wa kaptula iliyopigwa pasi na maneno ya upole. Mumba, mwenyeji wa upande wa Kasenga, aliuza maharagwe sokoni, na maneno yake hayakuwa ya upole kila siku. Wakaingia mbio, wakamwinua Albertine, wakamkalisha. Hakuvunjika. Aliumia nyonga kidogo tu, lakini alikuwa analia. Mumba akarudi mbio kwake, maana aliacha chungu motoni.

Honorine naye akafika na samaki wake.

"Munaona?" alisema. "Munaona sasa? Nilisema nini? Muntu ya muguu ya kukauka hapashwe kusimama-simama!"

Constantin alikuwa anasugua sakafu kwa ncha ya kiatu chake.

"Mama Honorine," aliuliza, "mulipakaa cirage hapa?"

"Ndiyo! Ni mi mwenyewe. Inama, utaona sura yako mule."

"Njo hii cirage ilimuangusha. Si muguu."

Honorine akaweka samaki mezani kwa kishindo. "Basi munataka tuikale mu buchafu?"

"Hapana, mama. Kungala ni kintu ingine, kuwa safi ni kintu ingine. Buchafu inaweza kulala chini ya cirage. Kule ninatumika, mama muzazi ya Madame eko na fimbo ya kutembelea. Mu chumba yake balikataza cirage kabisa. Ninasugua na mayi na sabuni kidogo, ninakausha. Vile tu. Na chumba iko safi kupita zingine."

"Banaume banayua nini ya kusugua?" Honorine alisema, akatoka nje kuwasha makaa.

Lakini Albertine alikuwa ameacha kulia. "Ba Constantin," aliuliza, "kule ku kazi, munasuguaka vipi? Munapigaka magoti?"

"Magoti? Hapana, mama. Ninasimamaka. Fagio yetu iko na muti murefu, brosse ya kusugua vilevile. Na kazi ingine ninafanyaka ku meza, ya kuikala. Kama ningepiga magoti siku yote, ningekuwa nimekwisha kuzeeka."

Albertine alimshika mkono. "Munifundishe. Tafazali. Kama siyue, batanipeleka Kongolo."

Constantin aliangalia mlango, akaona haya. Lazima nikuambie sababu. Katika Katuba, mwanamume anayelipwa kufagia kwa Wazungu ni mfanyakazi kama wengine, na watu wanamheshimu. Mwanamume huyohuyo akishika fagio kwake, bombani watazungumza habari hiyo mpaka maji yakauke. Kwa hiyo wanaume wengi wa mji waliojua sana kusafisha nyumba hawakuonekana hata siku moja wakisafisha zao.

"Nitakuya kesho mangaribi," Constantin alisema kwa sauti ndogo. "Lakini tutafunga mulango. Na dirisha."

Jumatatu jioni Honorine alikuwa ameenda kuaga jamaa. Constantin akaja. Donat alikuwa amesugua sakafu kwa maji ya moto na sabuni mpaka cirage yote ikatoka. Alikuwa pia ameleta miti miwili mirefu kutoka karakana, ameifunga kwenye fagio na kwenye brosse. Wakafunga mlango, wakafunga dirisha. Ndani kukawa na joto kama la tanuri, na Constantin akaanza kufundisha.

"Angalia, mama. Muanze ku fasi ya mbali, mukuye pole-pole ku mulango. Fagio inaenda mbele, mukongoyo inabaki fasi moya. Musikanyange fasi iko na mayi. Mukimaliza, mutoke inje, mwikale, mungoyee ikauke."

"Na hii miswala?" Donat aliuliza, akionyesha mikeka ya sakafuni.

"Toa yote. Mukongoyo itakwama mule, atanguka tena. Weka gunia moya inje, ya kupangusa miguu. Vumbi yenye inabaki inje, hamutaifagia ndani."

Constantin akasahau haya. Alifagia kwa mikono miwili, huku na huku, mwili umenyooka, anaimba kidogo. Wakati huohuo mlango ukafunguka. Mumba alikuwa anamtafuta mume wake aje kula. Akasimama pale, mkono mdomoni.

"Constantin!"

Constantin akabaki na fagio hewani.

"Miaka yote hii," Mumba alisema, "uliniambiaka kazi yako ni kupeleka sahani ku meza! Kumbe unayua kufagia kunipita mi!"

"Mumba, sikia..."

"Nasikia muzuri. Kesho utanionesha vilevile pa lupango yetu, kwetu ku nyumba."

Donat alicheka mpaka akakaa chini. Albertine alicheka pia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Mlango ulikuwa wazi, watu wa njia waliona yote. Bombani walicheka siku hiyo na ya kesho yake, kisha wakapata habari nyingine. Constantin hakufa kwa kicheko hicho.

Mumba alikaa nao mpaka mwisho, na yeye pia alileta akili yake. Albertine aliuliza: "Nitabeba bintu namna gani? Mukono moya iko ku mukongoyo."

"Mu soko mi ninabebaka ku tumbo," Mumba alisema. "Nitakushonea tabulia, nguo ya kufunga ku mbele, ya mifuko mikubwa. Bitambaa, sabuni, kisu, bitunguu, tia mule. Na kitunga weka ku bega."

"Na sufuria ya moto?"

Wote wakafikiri. Constantin akasema: "Ile musibebe hata kidogo. Mbabula iwe pembeni ya meza, ya bulefu moya. Mutasukuma sufuria tu."

Kuanzia kesho yake, Donat akawa na kazi baada ya kazi. Chini ya paa la nyuma alipanga matofali, mbabula ikapanda juu yake mpaka kiunoni. Kando yake aliweka meza imara: juu yake beseni la vyombo, chini yake kiti. Beseni la kufulia nalo likapanda mezani. Ndani, vyombo vya kila siku vilitoka sakafuni na vingine vikashuka kutoka juu ya kabati. Vyote vikawekwa mahali ambapo mkono unafika bila kuinama na bila kujinyoosha. Mwisho Donat alikata kipande cha tairi kuukuu, akakipigilia chini ya mkongojo ili usiteleze.

Walipokuwa kwenye matofali, Albertine alisema: "Siku ile Honorine alisema ataenda nami, ulinyamaza."

Donat aliweka tofali, akalipanga upya, ingawa lilikuwa limekaa vizuri. "Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliwaza, nikikuacha utumike, bantu batasema niko bwana mubaya. Nikikuacha uende, hii nyumba itakufa. Sikuyua kusema nini."

"Ungeniuliza mi mwenyewe."

Donat akamtazama. "Ni kweli. Sasa nakuuliza. Unataka nini?"

"Nataka kubaki kwangu. Mayi utaleta we, mbele ya kwenda ku kazi. Choo utaosha we, mule nitanguka. Bingine yote uniachie mi."

"Ni vile," Donat alisema. Akachukua tofali jingine, uso wake umelegea kwa furaha.

Basi Albertine akaanza kazi, na akakosea siku ileile ya kwanza. Alikuwa na njaa ya kazi. Alifagia nyumba yote, akasugua vyumba vyote, akafua mashuka, akaosha kila sufuria, hata zilizokuwa safi. Saa za mchana kwapa lake lilikuwa linawaka kwa mkongojo, na mguu wa kushoto, ule ulio mzima, ulikuwa umechoka kabisa. Akaenda kulala. Honorine alimfunika kwa huruma ya kweli, akasema, "Naona sasa unayua: hauweze. Tutaenda Kongolo, mulamu."

Jioni Constantin alikuja kuona. Aliposikia habari, akatikisa kichwa.

"Mama Albertine, ata mi, na miguu yangu mbili, sifanyake nyumba yote siku moya. Kufagia ni kila siku. Kusugua, leo chumba hii, kesho ingine. Nguo, mufue kidogo-kidogo, musingoyee zikuwe mulima. Na mukichoka, mwikale, mutumike kazi ya kuikala. Kiti haiko ya bugonjwa tu. Kiti iko kintu ya kazi, sawa fagio."

Maneno hayo Albertine aliyashika. Alikuwa amekichukia kile kiti cha mlangoni. Kesho yake alikivuta mpaka mezani, akakaa, mguu mkavu umenyooshwa pembeni, akaosha vyombo bila haraka. Alifagia chumba kimoja, akapumzika, akafagia cha pili. Alipochoka, alikata mboga. Siku iliyofuata ilikuwa rahisi zaidi. Mikono yake ilijifunza njia mpya.

Honorine aliona yote, lakini hakuwa tayari kuamini. Alikuwa bado anamnyang'anya fagio, anawahi sufuria, anasema "Ikala!" Siku mbili kabla ya treni, Albertine alimwambia:

"Mulamu, unipatie siku moya. Kesho. Utaikala ku kiti, utaangalia. Usishike kintu ata kimoya. Mangaribi ukiona nyumba iko buchafu, nitafunga muzigo yangu mi mwenyewe, bila kulia."

Honorine alimtazama sana. "Bila kulia?"

"Bila kulia."

"Basi. D'accord."

Ijumaa asubuhi, Donat alileta maji na kuondoka. Honorine akakaa mlangoni. Albertine akaanza kufagia kutoka chumba cha kulala. Fagio lilikwenda polepole. Mikono ya Honorine ilikuwa inacheza juu ya magoti yake.

"Pale ulisahau," alisema.

"Sikusahau. Bado sifike."

Albertine akafika, akafagia. Akawasha mbabula akiwa amesimama. Akaweka maharagwe, akakaa, akaosha vyombo. Jani likaanguka mbele ya mlango. Honorine akainama kuliokota.

"Mulamu!" Albertine alisema.

Honorine akarudisha mkono. Jua likapanda. Alitaka maji ya kunywa, akataka kusimama, akakumbuka. "Naomba mayi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Albertine alitia chupa ya maji katika mfuko wa tabulia, akamletea. Honorine akanywa. Akatazama njia, akatazama mikono yake, akatazama njia tena. Hakuwa amezoea. Mwishoni akasema:

"Mulamu, hii kuikala ni kazi mubaya."

"Ndiyo."

"Muntu anajiona sawa muzigo."

"Ndiyo," Albertine alisema tena.

Machozi yakamtoka Honorine, yeye mwenye sauti kubwa. "Na mi nilikuikalisha vile miezi yote! Niliwaza ninakusaidia. Unisamehe, Albertine."

"Ulinisaidia sana. Bila we ningekufa na njaa, mi na Donat. Lakini sasa niache nitumike."

Jioni Donat alirudi. Honorine alisimama, akazunguka nyumba yote. Alipitisha kidole kwenye dirisha. Aliinama, akaangalia chini ya kitanda. Alinusa sufuria. Sakafu haikung'aa, lakini ilikuwa safi na kavu, na Albertine alitembea juu yake bila woga. Honorine akamgeukia kaka yake.

"Buchafu haiko," alisema. "Nimetafuta."

Donat akacheka, akamshika mke wake bega.

Jumamosi ilifika. Mzigo uliofungwa ulikuwa mmoja tu, wa Honorine. Constantin na Mumba walikuja kula naye chakula cha mwisho, samaki na bukari, na Albertine ndiye aliyesonga bukari hiyo, amesimama mbele ya mbabula yake iliyo juu ya matofali. Baada ya kula, Honorine aliomba kuosha sahani, na safari hii Albertine alimruhusu.

Honorine akaziosha, akazikausha. Kisha akasimama katikati ya nyumba, sahani mikononi. Akatazama kabati, akatazama meza, hakujua. Akamgeukia Albertine.

"Mulamu," aliuliza, "hizi sahani unataka niweke wapi?"

Tangu aje kutoka Kongolo, Honorine hakuwahi kumwuliza Albertine neno kama hilo ndani ya nyumba yake. Albertine akatabasamu, akanyoosha mkongojo kuelekea kabati.

"Pale ku kabati, ya katikati," alisema. "Ile mukubwa kwanza."

Honorine akaziweka pale katikati, kubwa kwanza.